Mfuta Nyuso

Simu ya msiba ilimkuta Paskalina akianika michembe ya viazi vitamu, nyumbani Kharumwa. Mdogo wake Mabula, mchimbaji aliyekuwa akikamata dhahabu kwa zebaki, amefariki hospitalini. Kabla hajalia, Paskalina alimkumbuka fundi wa picha za kichwa wa hospitali ile, mwanamume wa vidole vyembamba aliyenawa mikono kila alipotaka kugusa kompyuta, na aliyeongea chini chini kama yuko kanisani. Picha za ubongo wa wachimbaji aliziingiza kwenye programu ya bure iliyoandikwa na watafiti wa nchi nyingi, ili kompyuta ijifunze kutambua madhara ya zebaki. Lakini kwanza programu hiyo hufuta uso kwenye picha, mgonjwa asitambulike. Kila alipobonyeza, fundi alinong'ona, "Samahani, ndugu yangu."

"Unamwomba radhi nani, daktari?" Paskalina alimuuliza siku Mabula alipopigwa picha.

"Mwenye uso, dada."

"Futa tu," Mabula akacheka kitandani. "Uso wenyewe haujanipatia hata mke."

Paskalina alijua uso uliofutwa ni wa kwenye picha tu. Hata hivyo alisali rozari siku mbili akiogopa jeneza litafunguliwa asiuone uso wa mdogo wake. Lilipofunguliwa uani, alitafuta pua, midomo, kovu la kwenye nyusi, vyote vilikuwepo. Fundi alikuwa wa mwisho kwenye mstari wa kuaga. Alinawa kwenye ndoo ya mlangoni, akainama, akautazama uso wa Mabula kwa muda mrefu. Kisha wakafunika jeneza, wakamzika kando ya mama yake.