Upande wa Taa

Jirani yangu, fundi cherehani tunayemwita Bi Sindano kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa na ugomvi na mti. Umeota mlangoni kwake, anaumwagilia yeye, lakini kila mwaka maua mekundu hutokea upande unaotazama kwangu tu. Upande wake ni majani matupu.

"Kaka, hebu niambie, umeuroga?" aliniuliza kwenye uzio.

Mimi kutwa nashinda na miche kitaluni, nikamweleza. Mti ule hauchanui kwa maji wala kwa mapenzi. Majani yake hupima giza. Usiku ukiwa mrefu bila kukatizwa, majani hupeleka habari mpaka kwenye ncha ya tawi, na chipukizi ambalo lingetoa majani huanza kutengeneza ua. Mwanga ukiingia katikati, kazi yote inarudi nyuma.

"Na wewe, dada, taa ya mlango inaumulika upande wako mpaka asubuhi. Izime, utaona."

Akageuka kuitazama taa yake. Nilijuta papo hapo, maana mtaa mzima tunajua taa ile ni ya nani. Alikorofishana na mwanawe wa pekee, akamwambia aende zake, na kijana akaenda kweli. Tangu hapo hakuna usiku uliopita bila taa, asije akarudi akadhani amefungiwa.

Jioni iliyofuata hakuiwasha. Nilimwona amekaa kizingitini, akimgeukia kila anayepita barabarani, na kadiri giza lilivyoingia ndivyo alivyoshindwa kuzitambua sura za watu. Hakuvumilia. Aliinuka akaiwasha.

"Acha mti ubaki na majani yake," akanipigia kelele. "Kwani mimi nyuki?"

Siku hizi msimu wa maua ukifika huja kwangu na kigoda chake. Nampa chai, ananisema kwa uchafu wa uwanja wangu, nami nashukuru kusemwa, kwa sababu nyumba yangu nayo haina sauti nyingine. Jana alikaa mpaka jua likazama. Nilidhani anayatazama maua. Kumbe alikuwa anachungulia katikati ya matawi, anautazama mlango wake mwenyewe, taa inawaka na chini yake hakuna mtu.

"Kaka, kwa mtu anayetoka mbali, inaonekana?"

"Inaonekana, dada."

"Sawa," akasema, akabeba kigoda chake akarudi kwake.