Upepo wa Mkono: Miezi Saba Chini ya Taa za Miche

Siku ya kwanza kazini sikusema neno zaidi ya "shikamoo" na "ndiyo". Ilikuwa Desemba, wiki chache baada ya mtihani wa kidato cha nne, na mama alikuwa amenitafutia kibarua kwenye kitalu kimoja cha Iyunga, Mbeya, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilitegemea kukuta bustani. Nikaingizwa kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye rafu za chuma, taa ndefu nyeupe na joto kama la jikoni. Nje mawingu yalikuwa yameshuka karibu yaguse mabati.

"Unaona sasa kwa nini miche tunaikuzia ndani?" aliuliza Msimamizi wa Chumba.

"Ndiyo," nikasema, ingawa nilikuwa sijaona chochote.

Naandika haya kwa ajili yenu mtakaoingia vyumba vya aina hiyo mkimaliza mitihani yenu. Kazi yenyewe si ngumu. Inataka macho, na inataka mdomo pia. Mimi macho nilikuwa nayo.

Msimamizi alikuwa mama wa Kinyakyusa, mfupi kama mimi, na alifundisha huku akitembea. Taa ikae shubiri moja juu ya mche. Ikiwa mbali, mche unarefuka kuitafuta na shina linakuwa jembamba kama uzi. Ikiwa karibu mno, majani yanababuka. Kwa hiyo taa zilining'inia kwa minyororo, na kila miche ilipokua tulizipandisha pingili moja. Ziliwaka kwa saa kumi na sita, kisha zikazimwa ili miche ipumzike. Trei, yaani sahani za plastiki zenye vishimo vya kupandia, zilizungushwa kila siku mbili, maana katikati ya rafu mwanga ni mkali kuliko pembeni.

Kilichonishangaza ni kazi ya kila asubuhi: kupitisha kiganja juu ya miche yote, trei hadi trei, polepole, mpaka iiname na kuinuka.

"Nje mche unatikiswa na upepo, unakaza shina," alisema Msimamizi. "Humu ndani upepo ni mkono wako." Kisha akanitazama nikijaribu, akacheka. "Binti, papasa, usibembeleze! Hao si wajukuu zako."

Alikuwa na sharti moja. Mche ukilala chini, usiuguse mwingine. Uung'oe pamoja na udongo wote wa kishimo chake, unawe mikono, kisha ukamwambie mkubwa wako siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa wa kinyausi: ukungu unaoozesha shina pale linapotokea kwenye udongo, mche unaanguka ukiwa bado wa kijani. Kwa miezi minne ya Iyunga sikuuona hata mara moja, kwa hiyo nililiandika sharti hilo kwenye daftari na sikulifikiria tena.

Aprili nilihamishiwa Iringa. Kitalu kilikuwa kimefungua chumba cha taa kwenye tawi lake la Ipogolo, na kwa kuwa shangazi yangu anaishi hapohapo, nikapelekwa mimi. Meneja wa Tawi, bwana shamba mstaafu, Mhehe mrefu mwenye sauti ndogo, alinipokea mlangoni.

"Kamwene. Wewe ndiye mtaalamu wa taa?"

Nilipaswa kusema hapana. Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo yeye aliielewa kuwa ndiyo.

Pale udongo ulipikwa na Mama Kulwa, Msukuma ambaye familia yake ilihamia Usangu na mifugo, kisha yeye akaja Iringa kwa binti yake. Alichanganya udongo wa msituni, samadi iliyooza na pumba za mpunga zilizochomwa, akaujaza kwenye pipa lenye maji chini na kuuivisha kwa mvuke ili kuua vijidudu. Alifukia viazi mviringo katikati ya udongo. Viazi vikiiva, udongo nao umeiva. Saa nne tulivimenya na kuvila na chai, Meneja akiwemo.

"Kula, mtaalamu," Mama Kulwa aliniambia. "Mimi napika udongo unaiva kuliko ugali wenu wa Mbeya."

Juni baridi ilipokolea, kikundi cha akina mama wa Kalenga kiliagiza miche ya pilipili hoho. Chumba kilijaa. Rafu zilikuwa za ngazi nne, na ile ya juu kabisa sikuifikia. Kumwagilia niliweza, kwa bomba refu. Kupitisha mkono sikuweza. Kigoda kilikuwepo ofisini kwa Meneja. Niliona aibu kukiomba, nikaiacha ngazi ya juu bila upepo.

Asubuhi moja miche mitatu ilikuwa imelala kwenye trei ya karibu na mlango. Niliitambua hali ile. Niliangalia nyuma, hakukuwa na mtu. Nikaiinua kwa vidole, nikaikandamizia udongo shingoni isimame, kisha kwa vidole vilevile vyenye unyevu nikaendelea kupapasa iliyobaki. Mtaalamu wa taa hawezi kuwa na miche iliyolala. Kesho yake ilikuwa saba. Nikaiinua tena.

Baada ya wiki ngazi tatu za chini zilikuwa na mabaka kama kichwa kilichonyolewa vibaya, na hapo hapakuwa na mche wa kuinua. Jumatatu Meneja alimwita Mama Kulwa.

"Mama, huu udongo uliupika, au uliupasha tu moto?"

"Nimeupika, Meneja. Viazi viliiva. Wewe mwenyewe ulikula viwili."

"Kinyausi kinatoka kwenye udongo."

"Basi kitakuwa kimetoka kwenye udongo mwingine, si wangu."

Meneja hakupandisha sauti. "Fanya mpaka Ijumaa. Halafu pumzika kwanza, nitakuita."

Kila mtu anajua maana ya "nitakuita". Mama Kulwa alitoka, akanikuta nimeshika bomba la maji, akaniangalia kidogo. Nadhani alisubiri niseme neno, hata la pole. Niliendelea kumwagilia.

Jumanne sikusema. Jumatano niliandika kwenye daftari langu ukurasa mzima, nikaeleza kila kitu, na Alhamisi nikaenda nalo kazini ili Meneja asome mwenyewe. Sikulitoa kwenye mkoba. Ijumaa asubuhi Mama Kulwa alikuwa anafunga kanga zake na kikombe chake kwenye mfuko. Nikaenda ofisini.

"Naomba kigoda," nilisema.

"Cha nini?"

"Upande, uone rafu ya juu."

Ni mrefu, hakukihitaji, lakini alikibeba, akapanda. Miche ya juu ilikuwa na mashina membamba, lakini yote imesimama.

"Huku juu pana joto zaidi," alisema.

"Ni udongo uleule wa Mama Kulwa, wa pipa moja. Huko mkono wangu haufiki." Kisha nikaeleza yaliyobaki: miche mitatu, vidole, wiki nzima. Nilieleza nikiangalia sakafu.

Alisema akiwa bado juu ya kigoda, "Kwa hiyo ulikuwa unawainua wagonjwa uwafiche, halafu unawasalimia wazima kwa mkono huohuo."

"Ndiyo."

Alishuka, akaenda nje kumwambia Mama Kulwa arudishe kikombe chake. Mimi nikaondolewa kwenye taa. Tulimwaga ngazi tatu nzima, na akina mama wa Kalenga wakapata miche ya ngazi ya juu tu kwanza, wakasubiri mingine ioteshwe upya. Niliomba wiki zilizobaki nifanye kazi kwenye pipa.

Nilidhani Mama Kulwa atafurahi. Siku ya kwanza aliniambia "kuni". Siku ya pili aliniambia "maji". Siku ya tatu aliuliza, "Toka Jumatatu ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye pipa lake.

Nimepangiwa kidato cha tano, nitaondoka Julai. Chumba kinaendelea vizuri. Meneja amebandika mlangoni sharti la mche uliolala, kwa mwandiko wake, na kigoda sasa kinakaa humo ndani. Ninyi mtakaokuja mtalisoma hapo mlangoni. Jinsi siku nne zinavyokuwa ndefu kwa mtu anayesubiri useme, hilo halikubandikwa.

Siku yangu ya mwisho, mvuke ukiwa unatoka kwenye pipa, Mama Kulwa aliniuliza bila kunitazama, "Huko shule unakokwenda, mtu akisingiziwa na wewe unajua, utakaa siku ngapi?"

Nilitaka kusema, "Hata moja." "Sijui, mama," nikasema.

Aligeuka, akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Afadhali umesema," alisema. "Shika koleo, tupakue."