Kofia Juu ya Simu

Jirani yangu wa Bel-Air anauza makayabu, samaki wa chumvi, na vidole vyake vimekauka, vyeupe kama samaki wenyewe. Tangu kiharusi kidogo kilipompindisha mdomo, daktari amemkataza chumvi na kumwekea programu kwenye simu. Sauti ya mwanamke ikimkumbusha dawa ya tension, presha ya damu, husimama, hufunga kifungo cha shati, kisha hujibu kwa adabu: "Ndiyo, maman, niko nakunywa." Lakini bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo vikifika mezani, huifunika simu kwa kofia kwanza, ndipo anyooshe mkono kuchukua chumvi. Jana mkono ulikuwa njiani sauti ilipotoka chini ya kofia: saa ya dawa imefika. Akaganda. Akalirudisha kopo la chumvi polepole, akaninong'oneza, "Alisha kuniona."