Mwalimu Aliyekataa Kumtoa Mtoto Wangu

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu tulipotengana na baba yake. Mimi nilibaki mtaa wa Kabiria, yeye akahamia mtaa wa Mountain View. Tulikubaliana kwa mdomo tu: siku za kazi mtoto awe kwangu, Jumamosi aende kwa baba. Kila asubuhi nilimwacha kwa mwalimu mmoja, mama mjane aliyelea watoto nyumbani kwake, kisha nikaenda mjini, nilikokuwa nikishona nguo.

Jumatano moja simu ililia nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa mwalimu.

"Mama, dada ya baba ya mtoto ako hapa kwa geti. Anasema mmeongea, ati amchukue."

"Hatujaongea!"

"Basi hatoki. Kuja pole pole, mtoto ako sawa."

Pole pole gani? Nilitoka mbio hata bila kuaga vizuri. Njia nzima roho ilikuwa mkononi.

Nilipofika, baba mtoto naye alikuwa ameshafika. Dada yake alikuwa amempigia. Alisimama uani akifoka, "Huyu ni damu yangu! Utaninyimaje mtoto wangu?"

Mwalimu alikuwa ameziba mlango, leso kiunoni. "Sikunyimi, baba. Leo si siku yako, na mama hakuniambia kitu."

Nilisikia raha, nikadakia, "Mwalimu, kuanzia leo huyu asikanyage hapa tena!"

Akanigeukia kwa sauti ileile. "Hiyo pia siwezi. Mimi si korti. Ni baba yake, na Jumamosi mtoto huamka akimuulizia, wewe mwenyewe umeniambia. Kaeni. Amelala, msimwamshe na kelele."

Viti vilikuwa vile vya watoto. Tulikaa magoti yakigusa kifua, kila mmoja na kikombe cha chai, na ni vigumu kumtukana mtu ukiwa umekaa hivyo. Dada yake alibaki amesimama.

Ndipo ukweli ukatoka. Mama mkwe alikuwa ameletwa hospitali kutoka Machakos, akafikia kwa mwanawe, na kesho yake alfajiri angerudi. Alitaka kumwona mjukuu.

"Si ungenipigia?" nikamwambia baba mtoto.

"Nimekupigia tangu jana. Hushiki."

Ilikuwa kweli; siku hizo sikuwa nashika simu zake.

Mwalimu akasema, "Siku zikibadilika, nipigieni, nyinyi wawili. Mmoja akinyamaza, mimi sipeani mtoto."

Tuliitikia kwa kichwa kama watoto wake. Mtoto akatoka ndani akifikicha macho, akatukuta sote pale, akacheka. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia bibi yule, kwa hiyo nilimbeba mwanangu mgongoni tukaenda wote Mountain View. Mama mkwe alimpakata hadi giza likaingia, na mimi akanishika mkono bila kuuliza lolote.

Tuliishi kwa utaratibu ule mpaka mtoto akaingia darasa la kwanza. Baba mtoto hakuuvunja hata mara moja, nami namshukuru kwa hilo. Lakini zaidi namshukuru mwalimu. Angeweza kunipendeza mimi, niliyemlipa, akamfungia mwenzangu mlango.

Juzi nilimuuliza binti yangu, sasa mtu mzima, anakumbuka nini kuhusu siku ile.

"Niliamka," akasema, "nikakuta mama na baba wamekuja kunichukua pamoja."