Mwandishi wa Mlangilangi

Majani ya mlangilangi wa Bi Nusaiba, pale Konde, yalijaa michirizi myeupe iliyopindapinda. Alipoliinua jani moja juani, alimwona mdudu wake ndani. Jirani yake Bi Samiha, mchumaji maua wa kimyakimya, akapita akashtuka.

"Nani kaandika haya?"

Ulimi ukamwasha Nusaiba. "Mti wenyewe. Unaandika majina ya wanaoniibia maua."

Samiha akalisogelea jani. "Langu limo?"

Nusaiba akalipasua jani kwa pini. Mwisho wa mchirizi alilala kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele. Mchirizi ulikuwa njia aliyoitafuna.

"Karani ndiye huyu, na hajui hata alifu. Umejitaja mwenyewe, shoga!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha Samiha akachuma maua mchana kweupe.