Nani Anakufunga Vifungo?

Mimi si mtu wa kushtuka. Niliacha shule darasa la nne nikaingia porini na baiskeli ya kuazima na madumu mawili. Nimelala juu ya mti, simba wanapita chini. Nimeumwa na nyuki mpaka macho yakaziba. Nimedhulumiwa na watu niliokula nao sahani moja. Asali ya Kaliua nimeifikisha Tabora mjini kabla hawa wenye magari hawajajua inauzwaje, na duka la Gongoni, nyumba ya vigae na Fuso, vyote nilivipata kwa mikono hii. Nikajua dunia haina jipya la kunionyesha.

Jipya likaanzia kwenye mikono hiyo hiyo.

Asubuhi moja niliamka vidole vimekakamaa, havikunji, havinyooki. Nikasema nimelalia mkono. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Alfajiri mikono ni mbao, jua likipanda ndipo inalegea. Baadaye vifundo vikavimba kama viazi, vya moto, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Kisha magoti, kisha nyayo.

Masanja, mrina asali wangu wa siku nyingi, alinicheka porini.

"Bosi, leo dumu unalishika kama bibi harusi anashika udongo!"

"Baridi tu hii."

"Kama ni baridi, daktari wake yuko hapo juu." Akanionyesha mzinga.

Sisi watu wa nyuki tunaamini hivyo, kwamba sumu ya nyuki inafukuza baridi ya viungo. Nikapanda, nikaweka mikono mlangoni mwa mzinga, wakanidunga mpaka wakachoka. Mikono ikafa ganzi. Nikatamba sokoni kwamba nimepona. Ganzi ilipoisha, maumivu yakarudi na wenzake. Nikarudia tena na tena, msimu mzima.

Hospitali nilikwenda, msiseme sikwenda. Lakini sikilizeni nilivyokwenda. Mke wangu, Mama Shani, alinikanda kwa maji ya moto, akanivalisha shati, akanifunga vifungo na kamba za viatu. Nikifika kwa daktari ni saa sita mchana, viungo vimelegea, nanukia udi.

"Unaendeleaje, mzee?"

"Nzuri tu, daktari, namshukuru Mungu."

Ndivyo nilivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, kwanza ni nzuri. Tena nilimpa mkono nikaubana wa kwake kwa nguvu zote, ajue anashikana na mwanaume. Nikitoka nje, jasho la maumivu linanitiririka mgongoni. Naye akaandika dawa za kutuliza maumivu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ni mzuri tu. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Kuchuchumaa chooni nilishindwa. Kopo la maji lilinidondoka. Mama Shani ndiye aliyekuwa ananisafisha, mtu mzima mimi, baba wa watoto, na nje hakuna aliyejua. Nilisali nimekaa kwenye kiti. Kamba ya mzinga sikuweza kuivuta, dumu sikuweza kuliinua, wateja wakahamia kwa wengine. Fuso nikaiuza kwa hasara. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikaanza kulala upande kama majani yaliyopigwa na upepo.

Siku moja Mama Shani akasema leo tunaingia wote. Daktari alikuwa mpya, binti mdogo tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za mwili?"

"Nzuri tu."

Mama Shani akadakia. "Daktari, muulize nani amemfunga vifungo."

"Mama Shani, nyamaza."

"Leo sinyamazi. Muulize na chooni anakwendaje."

Yule binti akaweka kalamu chini. "Baba, nani anakufunga vifungo?"

Nikatazama ukuta. "Yeye."

"Basi nieleze asubuhi yako. Anzia unapofumbua macho."

Hakuna aliyewahi kuniuliza asubuhi yangu. Nikaeleza yote. Akashika kila kifundo taratibu, akanipima damu. Nilipofuata majibu akasema, "Hii ni baridi yabisi, baba. Kinga ya mwili wako inashambulia viungo vyako mwenyewe."

"Inapona?"

"Tunaituliza, haiondoki. Hivi vitatu havitanyooka tena. Tungeyajua haya mapema, pengine tungeviokoa."

Hapo, mimi nisiyeshtuka, nilishtuka.

Sasa nameza dawa mara moja kwa wiki, si kila siku, na damu napimwa kama alivyoniagiza. Shati nafunga mwenyewe, isipokuwa kifungo cha shingo. Asubuhi nyingine bado ni mbaya, sitawadanganya.

Yule daktari aliniomba nikae na wenzake niwaeleze. Mtu wa darasa la nne, mbele ya madaktari na manesi, wananisikiliza! Nikawaambia: msituulize habari, tutawajibu nzuri. Ulizeni nani anatufunga vifungo, nani anakamua nguo, nani anashika kopo. Siku hizi wanauliza. Juzi nimemwona mama mmoja kaulizwa hivyo, akainama akalia, na mimi nikajua ameanza kutibiwa.

Wewe unayeamka na mikono ya mbao, nenda na yule anayekuvalisha, na umwache aseme. Nyuki waache watengeneze asali. Namshukuru Mungu, namshukuru na Mama Shani, aliyekataa kunyamaza.

Watu wananiuliza ugonjwa umenila pesa kiasi gani. Dawa zenyewe hazijanitikisa. Kilichonila ni ile "nzuri tu": vidole vitatu, ambavyo havina bei, na ukijumlisha hasara ya Fuso na misimu ya asali iliyonipita, hesabu nimepiga mwenyewe kichwani na sikosei, ni shilingi milioni kumi na tisa, laki nne na elfu sitini.