Udongo Mweusi wa Gozbert

Jiandaeni kubisha, maana haya ya Gozbert hakuna atakayeyaamini, hata wale wa Kashai waliomwona kwa macho yao akinusa udongo kama beberu.

Gozbert ni mchimbaji. Miaka thelathini amechimba vyoo, visima na misingi ya nusu ya nyumba za Bukoba. Huchukua konzi moja, akanusa, akakwambia: hapa maji, hapa mwamba, hapa utajuta. Kwa hiyo Mehul, mwenye kiwanja pale Kashai, alipotaka kung'oa tangi la dizeli lililofukiwa enzi babu yake Dhirubhai akiwa na kituo cha mafuta, alimwita nani? Mwenye digrii? Thubutu!

Tangi likatoka, tumbo limeoza kama papai lililosahauliwa. Chini yake ulikuwepo udongo mweusi tii, laini. Sasa Mhaya ukimwonyesha udongo mweusi umemmaliza. Mwekundu ni wa rweya, wa nyasi na ng'ombe. Mweusi ni wa kibanja, wa migomba, samadi na jasho la mababu. Na ile pua maarufu ilikuwa imeshinda siku tatu ndani ya dizeli, hainusi hata ubani. Gozbert akajaza tipa moja, akaupeleka Buganguzi kwa mama yake, Magdalena, akaumwaga kwenye migomba iliyo juu kidogo ya chemchemi yake.

“Wengine huleta sukari,” mama akacheka. “Wewe umeniletea shamba.”

Mvua zikanyesha wiki mbili.

Ndipo akaja Agnetha, mtaalamu wa mazingira, ambaye bila barua yake shimo halifukiwi wala kiwanja hakiuziki. Akajaza udongo kwenye vichupa, akalizunguka shimo, akalizunguka lundo lililofunikwa turubai. Akasimama.

“Shimo kubwa, lundo dogo. Mzee, udongo mwingine umekwenda wapi?”

“Mvua imeushindilia, waitu.”

“Chini ya turubai?”

Mehul akamkata jicho Gozbert. “Usiniharibie, mzee. Mnunuzi ninaye tayari.”

“Popote ulipo,” Agnetha akasema taratibu, “mvua inaushusha kwenye maji. Na maji yakiharibika hayapigi kelele.”

Gozbert hakungoja chai. Alishika bodaboda moja kwa moja mpaka Buganguzi.

Majani ya migomba yalikuwa yameungua kingo kama karatasi iliyopita karibu na moto. Alifukua kwa kidole. Hakuna nyungunyungu, hakuna siafu. Akashuka kwenye chemchemi, akakuta juu ya maji kumetanda ngozi nyembamba ya rangi rangi, kama shingo ya njiwa. Akapanda mbio. Mama alikuwa kibarazani, kikombe mdomoni.

“Maji siku hizi yananukia chemli,” mama akasema. “Nikadhani ni uzee wangu.”

Gozbert akamnyang'anya kikombe. Mtoto wa Kihaya kumnyang'anya mama yake kikombe! Akamwaga, akapiga simu.

“Agnetha, ule udongo niliuchukua mimi.”

Mehul alitukana kwa Kigujarati, akamalizia kwa Kihaya ili aeleweke. Lakini tipa lilikuja, udongo ukazolewa mpaka chini, migomba ikang'olewa, mama akiilia kama watu. Sasa majirani wanamchotea maji ng'ambo ya bonde. Shimo la Kashai bado wazi, limezungushiwa utepe. Vichupa vya chemchemi vimekwenda kupimwa na majibu hayajarudi. Mama ameanza kulalamikia tumbo, anasema ni maharage.

Na leo asubuhi, nawaapia, chemchemi ile ilichemka yenyewe bila moto, ikafuka moshi mweusi, wakatoka vyura mia tatu wamejipanga mstari kama wanafunzi, wakashika njia ya kuelekea—

“Vyura gani wewe?” Gozbert akadakia, kumbe ameketi nyuma yetu muda wote. “Nimekaa pale tangu alfajiri. Hakuna hata chura mmoja.”